Basi Letu la Miguu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya serikali karibu na Nyundo, niligombeza watoto wasio na kosa. Asubuhi nzima nilikuwa nimefundisha herufi. Mchana nikaingia darasani, nikauliza herufi zilezile, hakuna aliyejua hata moja. Nikawaka! Mkuu wa shule, tuliyemwita Direkteri, akachungulia dirishani huku akicheka.

"Mwalimu, hawa ni wengine. Wa asubuhi wamekwenda nyumbani."

Ndivyo nilivyojifunza zamu mbili: chumba kimoja, mwalimu mmoja, watoto wa asubuhi na watoto wa mchana. Nilikosoma mimi, ng'ambo ya mpaka, Karagwe huko Tanzania, sikuwahi kuona mambo hayo.

Baadaye nikahamishiwa Rubona, kwenye shule ya watoto wa wavuvi, na huko ndiko nilikozeekea. Siku hizi mnasikia watu wakibishana redioni: mzazi achague shule aitakayo, au serikali iimarishe zake? Sisi ubishi huo ulitupitia mlangoni kila asubuhi ukipiga honi. Lilikuwa basi la shule ya kulipia. Watoto wetu walihamia huko mmoja mmoja, na kila aliyehama alituondolea ruzuku yake, yaani fedha ambazo serikali huipa shule kwa kuhesabu vichwa. Hata chaki zikaanza kuadimika. Ofisa elimu wa sekta, ndiyo kata yetu, akaja kutuambia waziwazi, "Mkiendelea hivi, darasa la kwanza tutalifunga." Darasa la kwanza lilikuwa langu. Niliumia sana, tena nilikasirika.

Kwenye kikao cha walimu kila mmoja alikuwa na sababu yake: Kiingereza chao, sare zao, vyoo vyao. Mimi nikashuka ufukweni kumuuliza Mama Furaha, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, ambaye alikuwa amemhamisha binti yake.

"Bon, Mwalimu, Kiingereza yao mi sijue kama iko muzuri ao mubaya," akasema akianika samaki. "Asubui bwana yangu anatoka ku ziwa, mi naanza kuuzisha. Nani atapeleka mutoto? Ile bisi inamukamataka ku mulango."

Kumbe! Nikapanda kilima nikicheka peke yangu hadi ofisini kwa Direkteri wetu wa Rubona, mama mkali asiyependa maneno mengi.

"Basi? Bajeti haina hata tairi," akasema.

"Miguu tunayo," nikamjibu.

Akainama kufunga kamba za viatu vyake.

Kesho yake tukaanza kupita mlango kwa mlango tukiimba nyimbo za wavuvi, na watoto wakaungana nasi wameshikana mikono. Basi lilipotupita, walio ndani walibandika pua kwenye vioo. Muhula haujaisha, Furaha akarudi.

"Anakatala bisi," mama yake akalalamika, macho yakicheka. "Anasema humo hakuna kuimba."

Wengine wakamfuata, na darasa langu halikufungwa.

Sisemi shule za kulipia ni mbaya. Mjukuu wangu anasoma huko, na kila Jumapili nabishana na baba yake. Ninachomwambia ni kwamba mzazi huchagua kweli pale tu ambapo shule ya serikali nayo inafaa kuchaguliwa.

Nilipostaafu waliniaga kwa fanta na hotuba. Asubuhi iliyofuata nikakaa na chai yangu, mpweke kabisa. Mara nikasikia wimbo ukipanda kilima, ingawa kwangu si njia yao. Ukasimama mlangoni, na kiganja kidogo kikagonga.

"Mwalimu! Uko unachelewa!"

Nikaacha chai, nikatafuta viatu.