Paka Aliyenyimwa Maji

Fundi wa makochi alikuwa mtu mpole, na mtaa mzima ungemtolea ushahidi. Aliongea na wateja kwa sauti ya chini, misumari midogo ikiwa imebanwa midomoni, na hata alipoonewa alicheka tu akaendelea na nyundo yake. Jambo moja ndilo lililomtoa kwenye ustaarabu wake: kuchafuliwa kitambaa.

Nyumba na karakana vilitenganishwa na mlango mmoja. Ukitoka sebuleni ulikuwa unakanyaga vipande vya sponji. Humo aliishi na mkewe, aliyekuwa akirauka kwenda kupikia wanafunzi wa bweni, pamoja na mama mkwe wake, mjane mwenye ukungu machoni. Mama mkwe alikuja kukaa nao na sanduku, redio, na paka mweupe mnene aliyeitwa Pamba.

Mwanzoni Pamba hakuwa na neno. Kisha akaanza kunywa maji kama aliyelamba chumvi, na kukojoa popote. Akaanza na sponji, akaja kwenye zulia, mwisho akapanda kochi la mahameli ya kijani, la mwalimu mmoja mstaafu, lililokuwa linasubiri gari tu lije kulichukua. Siku hiyo fundi alipandwa na hasira ambazo mwenyewe hakujua anazo. Alimkamata Pamba kwa ngozi ya shingo, akamtupa uani, akabaki amesimama anahema.

Ndipo akapata wazo. Asipokunywa, atakojoa nini? Basi kila asubuhi, mkewe akishaondoka na mama mkwe akishafungua redio chumbani, fundi alimwaga maji ya bakuli la paka. Jioni, kabla mkewe hajarudi, alilijaza tena. Mama mkwe hakuona kitu. Macho yake hayakuweza kutofautisha bakuli tupu na lililojaa.

Lakini fundi aliona. Alimkuta Pamba bafuni analamba sakafu yenye unyevu, ulimi unakwaruza saruji. Paka akainua kichwa, akamtazama, akarudi kulamba. Fundi akageuza uso, akaenda kukata kitambaa.

"Mwanangu," mama mkwe alimwambia siku moja, paka yuko mapajani, "mbona huyu nashika mifupa mitupu? Na miguu ya nyuma anaiburuta."

Wakampeleka kwa daktari wa mifugo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kujaza chumba. Daktari alimtoboa Pamba sikioni, akapima tone la damu, akatikisa kichwa. "Ni kisukari. Paka naye anakipata kama sisi. Hiyo kiu na mikojo si utundu, ni ugonjwa. Msije mkamnyima maji hata kidogo, maana atakauka huku mnamwona. Nyumbani anapata maji muda wote?"

Mama mkwe akamgeukia fundi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshinda nyumbani na macho yake mazima.

"Muda wote," alisema fundi.

Basi yeye ndiye akawa muuguzi. Mikono iliyozoea sindano nene iliyopinda ya kushonea magodoro sasa ilishika kisindano chembamba kama unywele. Alijifunza kubinya ngozi ya mgongoni, kuchoma insulini taratibu, kupima sukari sikioni. Biskuti ambazo mama mkwe alikuwa akimlowekea kwenye chai zilikoma. Pamba akawa anakula nyama tu. Wateja walisubiri. Na maji, jamani! Kulikuwa na bakuli karakana, bakuli sebuleni, bakuli bafuni, mpaka mkewe akauliza kama wanafuga bata.

Mama mkwe alimsifia kwa kila aliyepita mlangoni. "Wengine wana wakwe, mimi nimepata mwana." Wageni wakamtazama fundi kwa macho mazuri. Fundi akatafuta kitu cha kuokota chini.

Asubuhi moja, muda mfupi baada ya sindano, Pamba aliyumba kama mlevi, akaanguka ubavu. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Fundi alimpaka asali kwenye fizi kama alivyofundishwa, huku akisema peke yake, "Nimemuua. Safari hii nimemuua." Pamba akazinduka. Daktari akapunguza dawa, akapunguza tena, kisha akaiondoa kabisa.

"Ugonjwa umelala," alisema. "Sisemi umepona, unaweza kuamka. Ila kwa sasa mwili wake unajiendesha. Mmemtunza vizuri."

Waliporudi, mama mkwe alifungua sanduku, akatoa koti la sufu. "La marehemu mume wangu. Sijawahi kumpa mtu. Vaa, baba."

Fundi alivaa mkono mmoja. Wa pili ukamshinda.

"Mama, mimi nilikuwa namnyima maji."

"Nani?"

"Pamba. Kabla hatujajua. Nilikuwa namwaga bakuli asubuhi, ili asikojoe kwenye vitambaa. Na kwa daktari nilisema uongo."

Mama mkwe akauliza polepole, "Alikuwa analia?"

"Hapana. Alikuwa analamba sakafu ya bafuni."

"Na mimi niko chumbani nasikiliza redio." Akanyoosha mkono. "Livue."

Koti likarudi sandukuni. Kwa siku nyingi mama mkwe alimpa salamu tu, na Pamba akalala chumbani kwake mlango umefungwa. Mkewe aliposikia hakugomba. Alimuuliza tu, "Ulimwambia ili yeye ajue, au ili wewe upumzike?" Na kupumzika, fundi hakupumzika.

Siku ya kurudi kupima ilipofika, mama mkwe alitoka na kikapu cha paka, akakiweka miguuni pa fundi. Kipimo kilikuwa kizuri. Daktari alipouliza kama kuna la ziada, mama mkwe akasema, "Mwambie."

Fundi akamwambia yote. Daktari alisikiliza bila kumkatiza, mkono wake uko juu ya mgongo wa Pamba.

"Kisukari hukumpa wewe," alisema mwishoni. "Lakini yale mateso ulimwongezea. Siwezi kukwambia vingine."

"Sikutaka uniambie vingine," alisema fundi.

Nje kulikuwa na mtaro ambao mama mkwe hakuuona vizuri. Alisimama kidogo, akapapasa hewani, akakishika kiwiko cha fundi.

"Taratibu," alimwambia. "Usinivute."

Wakavuka.