Sauti Niliyompa Mfungua Mlango

Kazi yangu ni kuingiza sauti za Kiswahili kwenye filamu za watu. Wengine hutuita watafsiri, na jina hilo nalipokea kwa heshima zote, ingawa Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nina chumba kimoja nyumbani kwangu Mkonze ambacho kuta zake nimezibandika trei za mayai ili mbwa wa jirani wasiingie kwenye filamu. Humo ndani nimekuwa polisi, jambazi, bibi harusi, na mara moja farasi. Filamu zikikamilika nazipeleka dukani mjini, watu wanakuja na flashi zao wanawekewa. Wateja wangu wakubwa ni madereva wa malori na wenye mabanda ya video wa Kibaigwa, mahali ambapo mfanyabiashara wa mahindi anaweza kungoja mzigo siku tatu bila cha kufanya.

Serikali ilipoanza kutubana kuhusu haki za wenye filamu, nilihamia filamu za zamani za Kimarekani, zile zisizo na rangi. Wenyewe wameshakufa, nikaona hakuna wa kunidai. Ndipo nilipokutana naye.

Alikuwa mwigizaji Mweusi, mchekeshaji, na katika mkusanyiko nilioupata mtandaoni alikuwemo karibu kila filamu. Nilizipanga kwa kufuata umri wake, nikaiona kazi yake yote tangu mwanzo. Katika zile za kwanza, zisizo na sauti, ni kijana mwembamba anayeiba kuku na kukimbizwa na askari hadi anatumbukia kwenye pipa la chokaa. Kisha filamu zinapata sauti, naye anapanda cheo: anabeba mizigo ya abiria wa treni, anang'arisha viatu, anaendesha gari la tajiri. Hapo katikati ndipo alipovuma, kwenye filamu za majumba yenye mizimu. Tajiri na mchumba wake wanalala humo kwa sababu zao, yeye ni mtumishi wao, na kazi yake ni kuogopa. Sijaona mtu anayejua kuogopa kama yule. Macho yanamtoka, magoti yanagongana, kofia inaruka yenyewe. Pamoja na hayo, kwenye orodha ya waigizaji jina lake huja mwisho, na katika filamu moja limetanguliwa na la mbwa. Halafu anazeeka, anaota kitambi, sehemu zake zinapungua, hadi ile ya mwisho ambapo anawafungulia wageni mlango, basi.

Habari za maisha yake nje ya filamu nilizipata chache, kwa simu na kamusi. Alianzia kwenye maonyesho ya mahemani, wakizunguka mji hadi mji. Wazungu walimpenda wakamlipa vizuri kuliko Weusi wengi wa wakati wake, ila hotelini aliingilia mlango wa jikoni. Baadaye Weusi wenzake waliona anawaaibisha, wakataka aondolewe kwenye filamu kabisa. Niliyasoma hayo nikayaacha. Nilikuwa na kazi za kumaliza.

Mimi nikamfanya Mgogo. Nilimpa jina la kwetu, ambalo siliandiki hapa kwa sababu lina wenyewe, nikampa na lafudhi nzito ya mtu aliyeshuka mjini jana. Mzimu wa kwanza ulipojitokeza, badala ya kupiga kelele aliusalimia kwa salamu yetu: "Mbukwenyi." Kibaigwa walivunjika mbavu. Nilikuwepo siku hiyo, nimesimama nyuma kabisa ya banda, nikamwona dalali mmoja wa mahindi akitoka nje kwenda kuvuta pumzi. Tangu hapo hakuna aliyeulizia filamu nyingine. Waliulizia "ile ya Mgogo". Na kwa kuwa mimi mwenyewe ni Mgogo, nani angenisema? Mcheza kwao hutunzwa, nilijiambia, na kweli nilitunzwa. Nyumba ya Mkonze iliezekwa na yule mwoga.

Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni baba yangu.

Baba anakaa kijijini, upande wa Chamwino. Filamu zangu zilifika huko bila mimi kuzipeleka. Kwenye sherehe ya ndugu mmoja waliwasha televisheni wakaweka ile ya mizimu, na ndugu zangu wakanisimulia kwamba baba alisikiliza kidogo, akabeba kiti chake akaenda kukaa nje. Niliwaambia wazee ndivyo walivyo. Ukweli ni kwamba iliniuma. Mambo yote niliyoyafanya ndani ya kile chumba cha trei za mayai niliyafanya nikingoja yule mzee acheke. Sikuwahi kumsikia akicheka. Alifanya kazi Dar es Salaam miaka mingi, mlinzi wa geti, akarudi nyumbani nikiwa ndiyo naanza shule, na aliporudi alikuwa mtu asiyesema. Wenzangu waliniuliza kama baba yangu ni bubu. Nadhani nilijifunza kuchekesha kwa sababu ya ukimya ule wa wakati wa kula, ambao ulinitia hofu kuliko viboko.

Mwaka jana alikuja mjini kwa kliniki ya presha, akakaa kwangu siku tatu. Siku ya pili ilikuwa Jumamosi. Mke wangu alikwenda mazoezi ya kwaya, umeme ulikuwepo, tukanywa chai, nami nikaweka filamu ya mizimu. Nakiri nilikuwa nimepanga. Nilichagua kipande changu bora, nikakaa pembeni ambapo ningemtazama yeye badala ya kioo.

"Mbukwenyi" ilipita. Uso wake haukutikisika.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema.

Nikarudisha haraka, kwa furaha.

"Tazama macho yake," akasema. "Mzimu ameshauona. Lakini hajaogopa bado. Kwanza anamwangalia tajiri wake. Akishaona tajiri anamtazama, ndiyo anaanza."

Nikatazama. Ilikuwa kweli. Mzimu unatoka nyuma ya pazia, yeye anauona, anatulia kiasi cha kupepesa jicho, anageuza macho kwa tajiri, halafu ndiyo magoti. Kipande kile nimekitazama labda kuliko mtu yeyote aliye hai, na sikuwahi kuliona hilo.

"Umejuaje, baba?"

"Nilikuwa naifanya hiyo kazi."

Akanieleza, kwa sauti ya fundi anayezungumzia kuta alizozijenga. Bosi wake alikuwa na wageni kila Jumapili. Wakishakula, anaitwa kutoka getini: njoo uwasalimie wageni Kigogo. Anawasalimia, wanacheka. Kisha wanamwambia aombe, kama wale Wagogo wanaokaa barabarani na mabakuli. Naye alijua namna ya kungoja mpaka wote wamegeuka, hata yule aliyekuwa akitafuta kijiti cha meno, ndipo aanze. Walikuwa wakimwita mpaka mara tatu kwa siku moja.

"Nilikuwa naijua sana," akasema. "Viatu vyako vya kwanza vya shule vilitoka humo."

Mimi nisipojua la kusema husema lolote. Nikamwambia kuchekwa ni jambo la kawaida, mbona watani zetu Wahehe wanatucheka kila siku na hatununi.

"Mhehe akinitukana, nami namtukana," akasema baba. "Siku nikifa atakuja kuchimba kaburi, na pale pale kaburini atanitukana tena, na ninyi mtampa chakula. Wale wageni hawakuwa watani wangu. Hata jina langu hawakulijua. Na hao wa Kibaigwa, ni watani wa huyu bwana?"

Hapo nilikasirika. Mtu anakaa chini ya bati langu, anakula mlenda wangu, halafu ananihukumu. Ili kuyamaliza mazungumzo bila kumkosea adabu, niliweka filamu nyingine, iliyokuwa karibu. Ikawa ile ya mwisho, ya mlango. Kipande chenyewe ni kifupi. Wageni wanaingia, yeye amevaa koti la utumishi, na mimi pale nilikuwa nimemtungia maneno mengi juu ya makoti yao na harufu zao. Yalikuwa yamependwa sana.

"Hapo midomo yake imefungwa," baba akasema.

"Ndiyo."

"Sasa anayesema ni nani?"

"Ni mimi, baba. Palikuwa kimya, nikaona watu watachoka."

"Na kule kwingine, anapofungua midomo, ndivyo alivyosema kweli?"

Ningeweza kumdanganya, hajui Kiingereza. "Sijui alisema nini," nikamjibu. "Nilitunga."

Alikitazama kioo, ambapo nilikuwa nimeisimamisha picha.

"Mtu amefanya kazi maisha yake yote mpaka amefika mahali pa kunyamaza," akasema. "Nawe ukamsemesha."

Aibu ilinishika masikioni, yakawaka. Nilimtazama yule mzee kwenye kiti changu, na miaka yote ile ya kimya mezani ikanirudia. Sikuwa tena na hakika kama alikuwa amenikasirikia hata siku moja. Nikaenda kwenye kile chumba changu, nikaitafuta nakala ya asili ya filamu ile, ambayo sijaitia sauti yangu, nikarudi nikaiweka.

Mlango unafunguka. Kinasikika kishindo cha viatu tu. Wageni wanapita mmoja mmoja, hakuna anayemtazama, mwanamke mmoja anampa koti bila kugeuza shingo. Analitundika. Wa mwisho akishapita, yeye anabaki ameshika kitasa, anaitazama migongo yao, na upande mmoja wa mdomo wake unasogea kidogo. Kisha anafunga mlango taratibu, na kazi yake ya filamu inaishia hapo.

Baba alicheka. Alicheka mpaka akavua kofia akajifuta nayo macho, akaniambia nirudishe, nikarudisha, akacheka tena pale pale mdomo unaposogea. Nilikikodolea macho kioo na sikuona cha kuchekesha. Nilifurahi, na nilimwonea wivu mtu aliyekufa zamani. Mwishowe nikamuuliza kilichomchekesha ni nini.

"Wewe hujawahi kumfungulia mtu geti," akasema, na bado alikuwa akicheka.