Kitufe Kimoja, Majina Mawili

Nyie wajukuu zangu wa Dar, mmepotea mpaka nasahau sura zenu. Hamna hata haya!

Mimi nasema, mjukuu wangu Neema ninayekaa naye anaandika. Na asiruke neno.

Leo nimechoka jamani.

Kikundi chetu cha mbegu hapa Kasulu kina programu ya bure kwenye kompyuta, ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuirekebisha. Asubuhi akina mama wametembea kutoka Kitanga kuandikisha majina. Asiyeandikwa hapati mbegu.

Katibu wetu, Mama Zuhura, akaingiza majina yote huku anasoma mwongozo kwa sauti.

Mwanzoni mwongozo unasema bonyeza "Hifadhi". Mwishoni unasema bonyeza "Tunza".

Tunza haipo! Tumeitafuta mpaka macho yakauma. Kumbe ni kitufe kilekile, tumejua baadaye. Mama Zuhura akasema, "Hifadhi naijua. Hii Tunza ni kitu kingine." Akafunga programu bila kubonyeza chochote.

Majina yote yakapotea. Wenyewe wameshaondoka.

Nikafoka, "Aliyeandika huu mwongozo alikuwa amelala!"

Neema akainama. "Bibi, ni mimi niliyeutafsiri. Niliona kurudia neno moja kunawachosha wasomaji."

Yewe! Nikamwambia, "Mwanangu, kinachochosha ni kutoka Kitanga kwa miguu mara mbili."

Tukakumbatiana. Sasa anausahihisha.

Mnaoandika miongozo, mnatufanyia hivi kwa nini? Jibuni hapa chini.

Na wewe mjukuu, ukija weka simu pembeni, keti karibu yangu, unisomee mwongozo wote kwa sauti. Ukibadilisha neno, nakusimamisha.