Mwanamume wa Njukini Mwenye Jina la Mume Wangu

Mume wangu alikuwa gadi wa treni ya Voi kwenda Taveta, na mimi nilikuwa fundi wa nguo asiyekuwa na cherehani. Nilishona kwa mkono, magauni ya watoto na vitambaa vya meza, katika nyumba yetu ndogo ya reli pale Voi. Mimi ni mtu wa Werugha, nimezaliwa kwenye ukungu, na joto la Voi lilikuwa likiniwasha shingo mwaka mzima. Hata hivyo sikutaka kuwa mahali pengine. Alikuwa akirudi safari na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, anavua kofia, anaketi kizingitini na kuanza wimbo wa Jumapili inayokuja, nami namwitikia kutoka jikoni. Ndiye aliyefundisha kwaya ya kanisa letu. Watoto wetu wawili wakubwa walijifunza kuimba kabla hawajajua kufunga vifungo.

Katikati ya miaka ya sabini aliniambia, “Mama watoto, macho yako yataisha na hiyo sindano. Twende tukachukue cherehani.”

Tulikwenda kwenye duka tulilolizoea, karibu na soko. Mwenye duka alitufahamu, akatuagizia soda, akamwacha mume wangu azungushe gurudumu la cherehani kwa mkono huku mimi nikishika kitambaa. Tungelipa pole pole, kila mwisho wa mwezi, kama walivyofanya watu wengi wa mshahara. Akatuambia turudi wiki inayofuata, kwa sababu lazima kwanza amwulize ajenti.

Siku hizo maduka yaliyouza vitu kwa malipo ya pole pole pale mjini yalikuwa na ajenti mmoja waliyemlipa kuwapa habari za wateja. Kazi yake ilikuwa kujua nani analipa vizuri na nani amechukua kitu akanyamaza. Ajenti akisema mtu huyu mbaya, hakuna duka lingemfungulia tena.

Tuliporudi hapakuwa na soda. Mwenye duka alituvuta pembeni, nyuma ya magodoro.

“Bwana gadi, siwezi,” akasema kwa sauti ya chini. “Ajenti anasema ulichukua redio na baiskeli, ukalipa kidogo, ukaacha.”

“Mimi? Baiskeli gani? Mimi natembea kwa treni.” Mume wangu alicheka kidogo.

“Jina ni lako. Lote, la ubatizo na la baba. Na kazi wameandika reli.”

Nilimwona mume wangu akitazama huku na huku kuona kama kuna mtu anasikiliza. Alikuwepo. Mwanamke wa kanisani kwetu alikuwa akichagua masufuria, mgongo ametugeuzia, na mkono wake umesimama juu ya sufuria moja.

Kutoka pale mume wangu alikwenda moja kwa moja ofisini kwa ajenti. Mimi nilisubiri nje. Aliniambia baadaye kwamba ajenti hakuinuka hata kitini. Alimwambia, “Kila mtu husema si yeye,” akamtaka asubiri, habari ile itaangaliwa. Baada ya muda mume wangu alirudi tena, mara hii pamoja na mzee mmoja wa kanisa wa kumshuhudia. Akaambiwa bado asubiri. Duka lingine lilimkatalia taa ya karabai. Kisha kamati ya kanisa ikamwita na kumwomba, kwa upole sana, akae nje ya kwaya mpaka mambo yaeleweke, kwa kuwa sanduku la pesa za kwaya alikuwa analishika yeye.

Hakugombana nao. Aliwapa ufunguo wa sanduku palepale mezani. Lakini tangu siku hiyo kizingiti chetu kilinyamaza. Alikuwa akishuka kwenye treni anapitia nyuma ya mabehewa ili asikatize soko.

Jioni moja akaniambia, “Nimeomba uhamisho. Kisumu.”

“Kisumu? Na sisi?”

“Nimepewa kitanda tu, kambi ya wanaume. Wewe panda Werugha kwa mama, watoto wasome huko. Nitatuma.”

“Baba watoto, ukiondoka si watasema ni kweli?”

“Hapa kila anayeniangalia naona kama ananidai,” akasema. “Siwezi kuishi hivyo.”

Akaondoka na sanduku lake la bati, nami nilikuwa na mimba changa ambayo nilikuwa bado sijamwambia vizuri.

Werugha palikuwa kwetu, na palikuwa kwao pia, kwa hiyo hakuna aliyenitesa. Mama mkwe alinipa matuta yake matatu ya chini nipande kabichi. Tulikuwa na ng’ombe, tulikuwa na maziwa, watoto walinenepa. Lakini mtu anaweza kuwa na shibe na bado akakosa. Asubuhi ukungu ulijaa mpaka sikuona mti wa pili kutoka mlangoni, na nilikuwa nikisimama pale na jembe nikimsikiliza, kana kwamba angeweza kutokea humo akijipangusa vumbi. Saa nne ukungu ukifunguka, ungeona tambarare yote kule chini, kahawia, na Voi kama madoa meupe. Nilikuwa nikiacha palizi ili niangalie tu. Nilitamani joto lile nililokuwa nikililalamikia. Nilitamani hata kufua makoti ya reli yaliyonuka makaa na mafuta. Usingizini nilinyoosha mkono upande wake na kugusa ukuta wa udongo, baridi.

Alikuja Krismasi ya kwanza, binti yetu wa mwisho akiwa bado ananyonya. Alimshika vizuri, akamtazama sana. Mama yake akapika kimanga, chakula chetu cha kuponda, akala. Kanisani alikaa nyuma, mdomo umefungwa nyimbo zote, na watu wakawa wanageuka kumtazama. Siku ya tatu akasema likizo imekwisha. Krismasi iliyofuata hakuja, alituma tu sukari na viatu vya watoto, viatu vidogo kuliko miguu yao, kwa sababu alikuwa akiwakumbuka kama alivyowaacha.

Ni hivyo viatu vilivyonikasirisha. Nilikuwa nimelia vya kutosha, sasa nilikasirika.

Nilianza kushuka Voi na kabichi siku za soko, na sikumficha mtu jina la mume wangu. Nililitaja kwa sauti. Mtu akiniuliza mimi mke wa nani, nilimjibu kwa jina lote. Siku moja nililitaja mbele ya mama mmoja aliyekuwa ameleta maharage kutoka upande wa Taveta, akaacha kupima.

“Wewe mke wa huyo? Mbona mke wake namjua? Ni jirani yangu Njukini.”

Nikamshika mkono, nafikiri nilimwumiza. “Ni gadi?”

“Gadi wapi! Mkulima. Ana baiskeli hata pampu hana.”

Wiki hiyo hiyo nilipanda treni ya Taveta, treni ya mume wangu, na gadi mgeni akanikatia tiketi. Mwatate ikapita, Bura, Maktau, na nyika upande huu na upande huu. Kutoka Taveta nilipata gari la mahindi mpaka Njukini. Nilimkuta yule mwanamume akirudisha miiba ya ua iliyokuwa imeangushwa. Alikuwa mrefu, mkubwa kuliko mume wangu kwa miaka mingi. Nilimsalimia kwa jina lake, jina la mume wangu.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Mke wake alileta kiti, sikukiona.

“Ni mimi, mama,” akasema. “Redio na baiskeli nilichukua mimi. Tembo waliingia hapa wakala mahindi yote, nikakosa cha kulipa. Lakini sikujificha. Nilipanda treni, nikaenda mwenyewe kwa ajenti, nikamwambia anisubiri mavuno mengine. Nilimwambia nakaa Njukini, mimi ni mkulima.”

“Sasa mbona ameandika reli?”

“Aliniuliza nimefikaje Voi. Nikasema kwa reli.”

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Mke wake ndiye aliyecheka, kisha akajifunika mdomo.

“Utakuja kuyasema hayo mbele ya hakimu?”

“Nikija, si watanishika kwa deni?”

“Sijui, ndugu yangu. Siwezi kukudanganya.”

Aliangalia ua wake, akamwangalia mke wake. Mke wake akasema, “Mtu ameacha watoto kwa sababu yako.” Yule mwanamume akaniahidi atakuja.

Mchungaji wetu alinipeleka kwa wakili kijana, mzaliwa wa Ronge, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa. Ndiye aliyenifundisha kwamba si lazima mtu awe na nia mbaya ndipo sheria imwulize. Mtu anayefanya biashara ya kutoa habari za wengine, akisema, anatakiwa kwanza awe mwangalifu. Asipokuwa mwangalifu na mtu akaumia, uzembe wake una gharama. Mume wangu tulimwita kwa simu ya stesheni. “Nitakuja,” akasema, na laini ikakatika.

Kesi dhidi ya ajenti iliahirishwa mara nyingi, lakini siku yake ilifika. Nilimwona mume wangu mlangoni mwa mahakama ya Voi akiwa amekonda, nywele za pembeni zimeingia mvi. Hatukukumbatiana, haikuwa desturi yetu mbele za watu. Alichukua kikapu changu akakibeba, tukaingia.

Wakili wa ajenti alisema mteja wake hakumjua mume wangu, hakumchukia, hakutaka kumharibia. Majina yalifanana, basi. Yule mwanamume wa Njukini akapanda kizimbani kwa koti la kuazima. Karani alipoita jina lake, mume wangu aliinuka kidogo kitini kabla ya kukumbuka kwamba si yeye anayeitwa. Wakatazamana wale wawili. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mume wangu alipoamini kwamba mtu huyo yupo.

Yule wa Njukini alipomaliza kusema yake, hakimu akamgeukia ajenti. “Huyu gadi alipokuja kukwambia si yeye, ulifanya nini?”

“Nilimwambia asubiri, mheshimiwa.”

“Asubiri nini?”

Ajenti akaanza kupekua faili lake.

“Ulimtuma mtu Taveta kuuliza?”

“Hapana.”

“Uliuliza stesheni? Ni mwendo gani kutoka ofisini kwako?”

“Si mbali, mheshimiwa.”

Hukumu ilisomwa wiki kadhaa baadaye. Hakimu alisema haoni nia mbaya, na kwa hiyo hatamtoza ajenti fidia ya kumwadhibu. Lakini ameona uzembe: watu wawili wamefanywa mmoja, na aliyelalamika hakusikilizwa ilhali ukweli ulikuwa mlango wa pili. Akamwagiza ajenti atulipe hasara tuliyoweza kuionyesha na gharama za wakili, na apite mwenyewe katika kila duka alilolipelekea habari ile akaifute. Kwa hasara, wakili wetu alikuwa amepeleka mahakamani hesabu ya kazi za ushonaji nilizozikosa. Hakukuwa na namna ya kupeleka zile jioni za Werugha. Nilimwuliza, akatikisa kichwa kwa huruma.

Ajenti alipita madukani kweli, nilimwona kwa macho yangu, kofia mkononi. Mwanamume wa Njukini hakushikwa. Walikubaliana alipe baada ya mavuno, na alilipa. Kanisa likamwita mume wangu airudie kwaya. Alikuta kijana mwingine anafundisha, na anafundisha vizuri. Akakataa kumwondoa. Aliomba tu nafasi katika safu ya nyuma na wanaume wa sauti nzito, na Jumapili ya kwanza alipofungua mdomo nilitoka nje nikasimama nyuma ya kanisa mpaka wimbo ukaisha.

Uhamisho wa kurudi ulichukua muda. Tulipopata tena nyumba ya reli Voi, binti yetu wa mwisho alikuwa ameshaanza kuongea kama mzee. Usiku wa kwanza aliniuliza mbele ya baba yake, “Mama, huyu mgeni atalala wapi?”

Mume wangu alikuwa na kikombe cha chai. Alikiweka chini taratibu. “Mgeni atalala popote utakapomwonyesha,” akamwambia.

Mtoto akamwonyesha mkeka karibu na mlango. Alilala pale, kweli, mwanamume mzima, usiku huo na kadhaa iliyofuata, mpaka mtoto mwenyewe alipomhurumia.

Tuliishi pamoja miaka mizuri baada ya hapo, na ugonjwa ulipomchukua nilikuwa nimemshika mkono. Sina manung’uniko juu ya miaka tuliyoipata. Ni ile mingine, tuliyoikaa mmoja huku na mwingine kule, inayonijia asubuhi ya ukungu nikiwa Werugha. Najaribu kuijaza. Namweka mume wangu mezani, mtoto akianza kutambaa, namweka kizingitini mvua za kwanza zikinyesha, namsikia akimkemea mkubwa kwa kupoteza kalamu. Halafu mjukuu ananiita kwamba maziwa yanamwagika, nami naingia ndani kuyaepua.