Hita ya maji ya mama ilivyokula elementi mbili ndani ya miezi miwili

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Haya ninayoyaleta sijayatia chumvi. Chumvi iliyomo humu ni ya maji ya kisima tu, na hiyo nayo mtaona ilisingiziwa. Yote nimeyaona kwa macho yangu, na sehemu kubwa nimeifanya kwa mikono yangu, ndiyo maana hasira haijaisha.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Nilimaliza kidato cha nne nikatoka Tanga, na tangu hapo nimeishi Mererani, Kahama, Tunduru, Mtwara, na sehemu nyingine nilizokaa wiki mbili tu nikachoka. Sasa nina miaka arobaini na kitu. Nimerudi Makorora, mtaa wetu hapa Tanga, kwa sababu moja: mama.

Mama ni Msambaa wa Lushoto. Magoti na vidole vimemkaza, na daktari alimwambia aoge maji ya moto kila asubuhi. Siku moja akawa anaipua sufuria, vidole vikaachia, maji yakammwagikia mguuni. Kidonda kilipona, lakini tangu siku ile hagusi tena chombo cha moto.

Jirani yetu, Mama Zubeda, ndiye aliyekuwa anakuja kila asubuhi kumbebea ndoo na kumwogesha. Mlango wa bafu ukawa haufungwi, maana mtu anaingia na kutoka.

Mama hana tabia ya kulalamika. Lakini siku niliyofika, begi bado liko begani, nimempa shikamoo hajaitikia hata vizuri, akaniambia:

"Eliya, mie nataka nioge peke yangu, nimefunga komeo. Mengine yote nimeshazoea."

Basi. Kazi yangu ikawa hiyo.

Nikanunua hita ya umeme, ile ya kuning'iniza ukutani, lita hamsini. Mama Zubeda alipoiona alicheka mpaka akashika ukuta.

"Tanga hii, joto hili! Nyie Wasambaa mliteremka na baridi yenu kwenye mfuko?"

Mama akamjibu, "Niliteremka nayo, na sikugawii."

Nikamwita fundi bomba, nitamwita Kombo. Hita ina midomo miwili, yote iko chini ya tumbo lake. Mmoja una pete ya bluu, mwingine pete nyekundu. Kombo akapima, akakuna kichwa.

"Kaka, mabomba ya ukutani yamekaa kinyume, la baridi liko upande wa nyekundu. Ili yapishane nataka elbo nne, vile viungo vya kona. Twende mjini."

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua linachoma. Na jamaa yangu wa Mtwara alikuwa amepiga simu asubuhi ile, kuna kazi, niwahi. Nikamwambia Kombo, "Bomba ni bomba. Maji yaingie huku, yatoke kule. Tenki la juu si linatolea maji chini? Hizo rangi ni mapambo tu."

Kombo akanitazama kidogo. "Haya. Wewe ndiye mwenye nyumba."

Wakuu, ile hita ilinitesa.

Kwanza maji yalikuwa yanatoka ya moto kwa kopo mbili tatu, kisha vuguvugu, kisha baridi kabisa. Mama akiwa ndani na sabuni mwilini inabidi amwite Mama Zubeda na ndoo. Mlango wazi kama zamani.

Nikaenda kwenye themostati nikaizungusha mpaka mwisho. Hapa nisimame kidogo, maana najua wengi mnafanya hivi. Themostati haichochei moto. Kazi yake ni kuamua maji yakifika joto gani elementi, ile nondo ya ndani inayopasha maji, izime. Ukiiweka juu kabisa maji hayachemki haraka zaidi, yanachelewa tu kuzimwa, na mtu anaweza kuungua. Mimi nilikuwa naikoroga kama redio.

Halafu kuna ile valvu ya usalama inayodondosha matone wakati hita inapasha. Mama Zubeda kila akiingia: "Mbona inavuja? Izibe na mpira wa baiskeli!" Wakuu, msizibe. Maji yakipata moto yanatanuka, na yanapumulia pale. Ukiziba, umejitengenezea bomu juu ya kichwa cha mama yako. Weka kopo chini, basi.

Wiki ya tatu elementi ikafa. Kombo akaja, akaichomoa, wala hakuiangalia mara mbili.

"Chumvi hiyo kaka. Si nyie maji ya bomba yakikatika mnajaza tenki kwa maji ya kisima?"

Ni kweli tulikuwa tunafanya hivyo. Nikakubali, nikanunua elementi nyingine, akafunga.

Ya pili haikumaliza hata mwezi.

Hapo nikapandisha mori. Nililaumu umeme, nikalaumu kisima, nikalaumu viwanda vya nje. Mama Zubeda akasema hilo dubwana lina jini, lifukizwe ubani. Mama yeye alichukua kopo lake akaketi kwenye kigoda nje ya bafu, anamsubiri mtu wa kumbebea ndoo. Nilitamani nimtukane mtu lakini sikujua nani.

Nikaibeba ile elementi iliyokufa mpaka mjini, kwenye duka la vifaa la mzee mmoja wa Kihindi. Familia yao iko pale tangu enzi za babu yake. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Wewe tena? Elementi unanunua kama mkate?"

Nikamwambia ni chumvi. Akaivaa miwani yake, akaigeuza mkononi.

"Chumvi iko wapi hapa? Iliyokufa kwa chumvi ina ganda jeupe, nene kama chokaa. Hii haina ganda, imepasuka. Hii imewaka bila maji."

"Mzee, hita inajaa maji muda wote."

"Umechungulia?"

Nikaweka hela juu ya kaunta.

"Leo sikuuzii," akasema. "Kajue kwanza maji yako yanakwenda wapi."

Hebu fikirieni. Mfanyabiashara anakataa hela yangu mbele ya wateja! Nilirudi Makorora nimefura. Nikamkuta mama anachambua mchele, nikamwaga yote: mzee, Kombo, hita, mji mzima.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Lile pipa la baba yako, maji ya moto yalikuwa yanatokea wapi?"

Wakuu, nilisahau kusema: marehemu baba alikuwa mchochea moto kwenye nyumba ya meneja, shamba la mkonge upande wa Mwera. Nyuma ya ile nyumba kulikuwa na pipa limejengewa kwa matofali, moto chini yake. Nikiwa mdogo mimi ndiye niliyekuwa nalijaza. Meneja akitaka kuoga, mimi namimina maji ya baridi kwenye bomba refu la pembeni, yanashuka mpaka chini ya pipa, na ya moto yanasukumwa kutokea juu. Ndoo moja baridi inaingia, ndoo moja moto inatoka. Nilipenda ile kazi kuliko shule. Mpaka leo nikisikia harufu ya makapi ya mkonge yaliyolowa namwona baba amechuchumaa, anapuliza moto.

"Yalitokea juu," nikasema.

"Na lilikauka lini?"

Halikukauka hata siku moja. Usipomimina baridi, ya moto haitoki. Pipa linabaki limejaa.

Sikumaliza hata kumjibu. Nilienda bafuni nikasimama chini ya ile hita, nikaangalia pete zangu mbili za mapambo.

Ndani ya hita, mdomo mwekundu una bomba refu linalopanda mpaka juu, linachota maji ya moto. Wa bluu unaishia chini, unaingiza baridi taratibu. Mimi niligeuza. Baridi ikawa inamwagwa juu, kwenye maji ya moto, ndiyo maana vuguvugu. Na maji yalikuwa yanachotwa chini, kwa hiyo maji ya mtaa yakikatika na tenki la juu likakauka kabla hatujalijaza, mtu akifungua koki, hita nzima inamwagika mpaka tone la mwisho. Elementi inabaki hewani, umeme umewashwa. Hata ikiwa ya dhahabu itapasuka.

Nikampigia Kombo. Alipofika nikaanza kufoka, fundi gani asiyejua bluu na nyekundu. Akaniacha nimalize.

"Kaka, nani alisema rangi ni mapambo?"

Mama alikuwa mlangoni, akarudi ndani polepole. Najua alikuwa anacheka.

Elbo nne zikanunuliwa. Mzee wa duka akakubali kuniuzia elementi ya tatu baada ya kunihoji kama mtahiniwa. Tukageuza mabomba, tukaijaza hita, tukaacha koki ya moto wazi mpaka maji yakaacha kutema hewa, ndipo tukawasha.

Kesho yake asubuhi Mama Zubeda akaja na ndoo yake kama kawaida. Mama akampita, akaingia bafuni na taulo. Tukasikia komeo.

Maji yakaanza kutiririka, na hayakukatika.

"Sasa mie nimekuja kufanya nini?" Mama Zubeda akauliza.

Sauti ikatoka ndani: "Kanywe chai!"

Ile kazi ya Mtwara alishapewa mtu mwingine. Nilikwepa safari moja ya elbo nne ili niiwahi, nikaikosa, na mama akakaa miezi miwili zaidi na mlango wazi. Fundi hakukosea, kisima hakikukosea, umeme haukukosea. Nilikuwa na haraka, na jambo lenyewe nilishalijua tangu utotoni.

Mwenye hita nyumbani, kabla hujanunua elementi nyingine, kaangalie kwanza bluu inaingiza au inatoa. Ukikuta imegeuzwa kama yangu, njoo uandike hapa nani aliigeuza. Usimtaje fundi haraka.