Salum Sindano na Vitunguu vya Bi Zuwena

Iko Jumamosi moja hapa Wembley, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hucheka peke yangu, hata ndani ya basi, mpaka jirani yangu huhama kiti. Siku hiyo Bi Zuwena, Mungu amrehemu, aliwapa chai wanaume tele waliojaa sebuleni kwake, na mchezaji tuliyemsifu kuliko wote akampa kisu na bakuli la vitunguu. Nimesikia kwamba timu kubwa imekuchukua, na watu wameshaanza kukuita nyota kabla hujavaa jezi yao. Hongera. Kaa kitako basi nikusimulie, na simu iweke chini. Najua utanijibu kwa Kiingereza, lakini masikio yako ni ya Kiswahili, na leo nina haja na masikio tu.

Sisi tuliokuja Landani baada ya Mapinduzi hatukuja na mengi, ila mpira tulikuja nao. Miaka ya sabini tulikuwa na ligi yetu wenyewe ya Jumapili: watu wa Unguja, wa Mombasa, wa Dar es Salaam, na Wahindi wetu wa Kampala na Nairobi. Ligi hiyo ilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Kila mwanzo wa msimu, wageni wote waliofika mwaka ule walichezeshwa mechi moja katika bustani kule Neasden, na manahodha wakasimama pembeni kuwachagua kwa zamu. Timu iliyoshika mkia mwaka uliopita ndiyo iliyochagua mwanzo. Timu yetu iliitwa Tupendane, na msimu wa kabla ya kisa hiki tuliushika mkia kwa mikono miwili.

Katika wageni wa msimu uliofuata alikuwemo kijana wa Ng'ambo ya Unguja, Salum, aliyepewa jina la Sindano kwa jinsi alivyojua kupenya. Sifa zake zilitua Landani kabla ya mwenyewe. Siku ya mechi ya wageni jua lilikuwa linawaka, uwanja mkavu, na kila aliyemkabili alibaki akitafuta mpira ulikopita. Kipa alikaa chini kama mtu anayengojea sahani ya wali. Nahodha wetu, Mansuri, hakungoja filimbi ya mwisho. Alikwenda akamshika Salum mkono kama anayemwongoza bwana harusi, na manahodha wengine wakasonya. Mie nilikuwa beki wa kulia, na nilirudi nyumbani nikiimba.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Jembe sisi tulilichagua, na lilikuwa zuri. Kulima ndiko tulikokusahau.

Unawajua watu wetu na mgeni. Kila Jumamosi nyumba moja ilimwalika Salum, na kwa kuwa ni aibu kukataa, alikula biriani huku, akapitishwa kwa jirani akala mkate wa kumimina, na Jumapili asubuhi akapelekewa mahamri ya kumtia nguvu. Siku za mazoezi, baridi ikizidi, tulimwambia akae ndani ya gari na chupa ya chai ya tangawizi. "Mwacheni, mgeni huyo, baridi itamuua." Wavu tulibeba sisi. Mipira tulibeba sisi. Hata viatu vyake, kuna mtu alikuwa akivipiga rangi, na sitakwambia ni nani kwa sababu ni babu yako huyu unayemsikiliza.

Sasa ikaingia mvua. Uwanja ukawa tope, na miguu ya Salum, iliyozoea mchanga mkavu wa nyumbani, ikawa inateleza. Akipoteza mpira, sisi kwa upole, "Bahati mbaya, sheikh!" Akipoteza tena, "Bahati mbaya, sheikh!" Mansuri alikuwa na mdomo mchafu kuliko wote upande huu wa mto, angeweza kumtukana kipa wake kwa dakika tano bila kuvuta pumzi, lakini kwa Salum alikuwa mpole kama mchumba. Tena kila tukipata mpira tulimpa yeye, hata akiwa amezungukwa na watu watatu, kisha tukasimama kumtazama. Mbona tukimbie, na Sindano tunaye? Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu, na sisi vidole vingine tulikuwa mfukoni kwa sababu ya baridi.

Tukafungwa. Tukafungwa tena, mpaka watu waliomsifu Salum wakaanza kusema kwamba sifa zile zilikuwa za uongo. Ndipo Mansuri akaitisha kikao, Jumamosi ile niliyokutajia, nyumbani kwa Bi Zuwena, maana sebule yake ndiyo iliyokuwa kubwa. Ajenda ilikuwa moja: kumrudisha Salum kwenye ligi achukuliwe na timu nyingine. Elewa uzito wake. Kwa desturi yetu, mchezaji aliyerudishwa hakuna nahodha aliyemgusa tena. Salum alikuwa akifua mashuka ya hospitali siku sita kwa wiki, na mpira ndio uliokuwa jina lake la pekee katika mji huu. Tukimrudisha, hata hilo jina linakwisha.

Naye alikuja kikaoni, masikini. Alikaa kwenye kiti cha mgeni, kile chenye mto wa kufumwa, kichwa chini. Mansuri akaanza kuzungukazunguka: tunakushukuru, sheikh, hatuna kinyongo, sheikh, sote tunakupenda. Mie nilikuwa natazama zulia. Niliona uchungu, wallahi, na niliona haya.

Bi Zuwena akatoka jikoni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, mjane, kaka zake wote walicheza mpira Unguja na yeye ndiye aliyekuwa akiwafulia jezi na kuwasema. Akaweka sinia ya chai, akatutazama mmoja mmoja, kisha akamgeukia Salum.

"Weye, inuka kwenye mto huo. Njoo umenye vitunguu."

Sebule nzima ikapiga kelele. Mansuri akaruka. "Bi Zuwena! Mgeni huyu!"

"Kaja lini?"

"Mwezi wa tisa."

"Na sasa tumo mwezi wa pili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyinyi mmempa mto, mkampa biriani, mkampa na gari la kukalia, halafu mnashangaa hajalima! Mmemharibu mwana wa watu kwa mahaba, leo mnataka kumrudisha dukani kama sufuria iliyotoboka?"

Salum alikwisha inuka. Alikaa mlangoni mwa jikoni na bakuli mapajani, akamenya, na vitunguu vya Landani ni vikali. Machozi yakamtoka. Kisha tukamsikia anacheka. Miezi yote ile sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

"Nyumbani," akasema, "kulikuwa na Makame. Yeye ndiye akinipa pasi. Makame akinitukana tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Rudi nyuma, mvivu we! Toa mpira, mchoyo we! Mimi mchezo wangu nusu ni ulimi wa Makame. Hapa nikikosea mnaniambia bahati mbaya, sheikh. Nikajua nimeshakufa. Maiti tu ndiye asiyesemwa vibaya."

Bi Zuwena akajipiga paja. Mansuri akauliza, kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu kipya, "Sasa we Salum, kwa nini hurudi nyuma kukaba, mvivu mkubwa we?" Salum akainua uso uliolowa machozi ya vitunguu, akatabasamu mpaka jino la mwisho. Kikao kikaishia hapo. Hatukupiga hata kura.

Jumapili iliyofuata alibeba wavu kutoka kituo cha treni mpaka uwanjani, na mvua inanyesha. Mansuri alimtukana mwanzo mpaka mwisho, sote tukasaidia, na mahamri hakupewa. Nitakuwa mwongo nikisema tulichukua kombe. Siku ile tulitoka sare, na Salum alianguka kwenye tope mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Lakini kila akianguka aliinuka na kuufuata mpira, na sisi tukakimbia naye. Msimu ulipokwisha, mkia ulishikwa na wengine. Alicheza Tupendane miaka mingi, na mpaka leo wazee wakikutana wanamtaja yeye kwanza.

Basi ndiyo nasaha yangu, mwanangu. Watu watakuuliza kwa nini vijana wanaochaguliwa kwa shangwe hufifia wakifika kwenye kazi yenyewe, na watakwambia ni kiburi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ni kweli, nimewaona wa aina hiyo. Lakini Salum hakuwa na kiburi hata chembe. Alififia kwa sababu tulimchagua alasiri moja ya jua, tukamtaka afanye yale yale katika tope, bila Makame wake, na peke yake. Wanaokuchagua hawaoni waliokutengeneza. Kwa hiyo ukifika huko, usikae kungoja kutumikiwa. Beba koni, okota mipira, uliza unapokosea. Mtafute mapema mtu atakayekusema bila kukuonea haya, na ukimpata usimnunie. Anayekukaripia bado anatarajia kitu kwako. Siku kochi wako atakapoanza kuwa mpole kwako, hapo ndipo ushtuke.

Na wakikurudisha, hilo nalo hutokea, mlango wa nyumba hii haufungwi kwa mtu aliyefungwa magoli. Mimi sitakupenda zaidi ukiwa nyota, wala kidogo ukikosa kuwa.

Mungu akupe pumzi ndefu na moyo wa kusikia. Akuepushe na majeraha na sifa za haraka. Akujaalie wenzako wa kukimbia nawe na kukukaripia, na akikupa ushindi, akupe na haya ya kuubeba. Amina. Haya, nenda kafanye mazoezi, mvivu we.