Mke Wangu Hanywi Maji Mpaka Gari Linywe Kwanza

Admin, nifichie jina, watoto wangu wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na sita, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Kabati, Kitui. Kazi ilinileta Kericho nikiwa bado kijana wa makamo, na kule nyumbani shamba la baba likaishia mikononi mwa wengine. Sikurudi tena.

Miaka ya themanini, tukiwa bado nyumbani, nilinunua gari dogo jekundu la milango miwili, la mbio, ambalo tayari lilikuwa limezeeka. Ukikata kona, magurudumu ya mbele yaligonga ka-ka-ka. Likinyeshewa, halikuwaka mpaka nikaushe waya za plagi. Lakini ugonjwa wake hasa ulikuwa gasketi ya injini iliyopasuka, maji ya kupozea yakawa yanavuja ndani na kuungua. Fundi mmoja wa Kambu aliutazama moshi mweupe ukitoka nyuma, akacheka: "Mwalimu, wenzako wananunua petroli. Hii yako inakunywa maji!"

Gasketi mpya haikupatikana, nasi tulikuwa katika kiangazi kikali. Mke wangu alichota maji kwenye shimo lililochimbwa katika mchanga wa mto mkavu, na mtungi wa kwanza ulikuwa wa gari, kwa sababu injini ingeungua njiani kati ya Nuu na Kabati tungelala porini. "Baba Mwende, mpe mgonjwa kwanza," alikuwa akiniambia. "Sisi tutavumilia. Huyu hawezi."

Sasa mke wangu ana ugonjwa wa kusahau. Sura za watoto zimemtoka. Gari halijamtoka. Huku mvua hunyesha karibu kila alasiri na bomba liko jikoni, lakini ukimpa kikombe anakifunika kwa kiganja na kuuliza, "Mgonjwa amekunywa?" Basi mimi nilikuwa nikikichukua, namwaga nje kwenye nyasi, narudi na kingine na kumwambia, "Amekunywa, ametulia." Hapo ndipo alipokubali kunywa chake. Daktari alishatuonya kwamba akikosa maji tutampoteza.

Juzi binti yetu Mwende alikuja kututembelea, akaniona nikimwaga. "Baba, mzee wa kanisa mzima, unamdanganya Mama?" Akapiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mikono. Alisema kwa upendo, simlaumu. "Mama, ile gari iliuzwa kama vyuma chakavu zamani. Haiko."

Mke wangu alimtazama, akanitazama.

"Kwani ilikufa na kiu?"

Aliweka kikombe chini akalia kama mtu aliyefiwa. Tangu hapo maji anayapokea kwa kijiko tu, tena kwa kubembelezwa, na midomo imeanza kupasuka. Mwende aliniombea nisiseme uongo tena, nami nikaitikia amina.

Leo asubuhi mke wangu amenisogezea kikombe kilichojaa. "Baba Mwende, pengine bado iko na uhai. Jaribu."

Kikombe kiko hapa mezani ninapoandika, hakijapungua. Yeye ameketi pale, anautazama mlango. Ninyi mliowahi kuuguza mtu wa namna hii, nishaurini: nitoke nacho nje, au niketi naye nimwambie tena kwamba gari lilikufa?